Uji wa Vitu Kumi na Viwili

3 Aprili

Kitabu hiki cha tarehe ni cha mwaka juzi. Ushirika wa maziwa uliwapa wanachama, na Mama alikuwa anakitumia kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Majina ya siku hayalingani na mwaka huu, kwa hivyo nayakata, naacha tarehe. Nimeanza kuandika kwa sababu leo nimeambiwa jambo kuhusu mtoto wangu na sina mtu wa kumwambia bila kuanzisha lingine.

Mvua ya njahi, masika yetu, imeshuka, ile ya kweli, si ya kujaribu. Warigia alifika akiwa ametota. Ndiye mhudumu wa afya wa kijiji chetu hapa juu ya Giakanja. Ana gamubuti na mkoba wa bluu wenye nembo mbili, ya kaunti na ya shirika moja la lishe. Siku hizi wanafanya kazi pamoja: kaunti inatoa manesi na zahanati, shirika linaleta chakula cha dawa na mafunzo. Akamzungushia mtoto wangu Ngendo utepe kwenye mkono, juu ya kiwiko. Utepe una rangi tatu. Kijani mtoto yuko sawa, njano uangalie, nyekundu ukimbie. Ukasimama kwa njano.

Ngendo ana mwaka mmoja na kidogo. Mimi nilidhani ni mwembamba kwa sababu baba yake ni mwembamba.

"Nawe leta mkono," Warigia akaniambia. Wangu pia haukumfurahisha. "Shiro, unachuma chai ya watu na bado unanyonyesha. Unakula saa ngapi?"

"Nikirudi."

"Kurudi si chakula."

Mama alikuwa mlangoni na sahani ya viazi. Ni mama ya Mwai, mume wangu. Mwai yuko Sagana kwenye duka la vyuma, anakuja Jumamosi moja anaruka nyingine, kwa hivyo nyumba ni mimi na Mama na mtoto. Jina la Mama ni Gladwell Ngendo. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, na si jina tu. Mwai mwenyewe humwita huyu mtoto "mami".

"Ati Ngendo ako na njaa," Mama akasema polepole. "Warigia, Ngendo ni mimi. Umewahi kuniona na njaa?"

Warigia akacheka. Mama hakucheka.

5 Aprili

Zahanati. Nesi wa lishe wa kaunti anaitwa Monicah, ni mpole lakini haangalii pembeni akikuuliza kitu. Ametupa paketi za chakula cha dawa, uji mzito wa njugu na maziwa ulio tayari, unakamuliwa moja kwa moja mdomoni. "Apewe kabla ya chakula kingine. Ni ya mtoto peke yake. Hii ni dawa, Mama Ngendo, si ya kuonja." Nikamweleza Mama yote nilivyoelezwa, maana mchana ndiye anayebaki naye.

"Nimesikia," akasema.

6 Aprili

Nimechuma. Mvua. Vidole vimekuwa vyeusi.

10 Aprili

Niandike kuhusu unga, maana nyumba hii imesimama juu yake. Mama husaga unga wa uji wenye vitu kumi na viwili. Ukimuuliza anavitaja kwa pumzi moja: mahindi, wimbi, mtama, mbegu za terere, ule mchicha wetu, soya, maharagwe, njahi, njugu, muhogo, nduma iliyokaushwa, mbegu za malenge, na omena, wale dagaa, wa mama mmoja wa Karatina. Watu huku wanasema uji wa kitu kimoja ni wa mtu aliyekosa. Mwanamke akijifungua, wageni wanamuuliza, "Uji wako una vitu vingapi?" Ukisema vitatu wanakuangalia kwa huruma. Mama alianza na vitano Mwai akiwa mdogo, na kila Mungu alipomfungulia akaongeza. Wanawake wanatoka hata Karatina kuja kuununua. Nami nilipoolewa hapa nilijivuna kwamba mtoto wangu atakunywa wa kumi na viwili.

14 Aprili

Jua kidogo. Mama ameanika mahindi kwenye turubai, mvua ikamfukuza kabla hayajashika joto. Akayarudisha stoo.

19 Aprili

Ngendo amepanda kwa mizani. Si sana, lakini amepanda. Nesi Monicah akasema tuendelee vivyo hivyo. Njiani nilimwimbia Ngendo mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama nimeokoka leo.

Mama alisema, "Ni uji."

Kama amepanda, wacha iwe uji.

27 Aprili

Chai imetoka kama nywele, tunachuma mpaka jioni. Nimerudi nikiwa mbao kwa uchovu. Nikauliza tu, bila nia mbaya, "Mama, amekula nini leo?"

"Amekula."

"Nilikuwa nauliza ni nini."

"Kwani Mwai nilimlea na mawe?" Akachukua ndoo akaenda kukamua.

Nimejifunza. Hapa swali hilo si swali. Ni kumwambia mtu wewe si mzazi. Jioni naangalia kopo la takataka. Kama paketi tupu zimo, nalala.

3 Mei

Ngendo anaendesha tumbo tangu juzi. Leo kwa mizani amerudi nyuma, ameshuka hata chini ya alipoanzia. Nesi Monicah akaniuliza kama anamaliza paketi. Nikasema anamaliza, paketi tupu naziona kila siku. Aliandika, akaacha kalamu hewani.

"Na kingine anakula nini?"

"Uji. Wa vitu kumi na viwili."

Alivuta pumzi. "Mama Ngendo, tumbo la mtoto huyu ni dogo kama ngumi yake. Kitu kimoja au viwili vinatosha. Maharagwe yakisagwa mabichi yanamsumbua tumbo. Na njugu msimu huu wa mvua, sijui zimekaushwa wapi."

Sijamwambia Mama. Nimetafuta mahali pa kuanzia sentensi hiyo, sijapaona.

8 Mei

Leo gari la shirika limekuja hadi kwetu, limekwama langoni, limesukumwa na wanaume. Akashuka kijana anaitwa Griffins, afisa wao wa huku, viatu vyeupe kabisa. Amesikia habari ya unga. Aliuonja, akafumba macho. Akasema hiki ndicho wanachotafuta: chakula cha hapa, kinachotengenezwa na watu wa hapa, ili paketi zikiisha jamii isibaki mikono mitupu. Watafanya siku kubwa pale Giakanja tarehe sita mwezi ujao. Kaunti itakuwepo, kikundi cha akina mama kitakuwepo. Mama atapika uji mbele ya watu na kila mtoto wa programu atapewa unga wa kwenda nao nyumbani.

Nesi Monicah alikuwa nao. Akamuuliza Mama kama anayemwita bibi, "Mahindi mnaanika wapi, Cucu?"

"Kwa jua," Mama akasema.

"Jua la mwezi gani?"

Griffins akacheka, akasema hayo ya ukaguzi yatapangwa. Nesi Monicah hakucheka. Niliona wanatazamana, kaunti na shirika, kama watu wawili waliobeba kitanda kimoja na kila mmoja anaelekea mlango wake.

Mama alipigwa picha na gunia. Sijawahi kumwona amesimama wima hivyo. Ni mjane tangu Mwai akiwa shule ya msingi. Mtu wa serikali hajawahi kuja kwa huyu mama isipokuwa kumdai kitu.

12 Mei

Mvua.

15 Mei

Nimeonja uji wa Ngendo kabla haujatiwa sukari. Unauma nyuma ya ulimi. Uchungu wa kitu kilichofungiwa.

"Mama, huu uji ni kama una uchungu."

"Hiyo ni wimbi."

Nilikwenda stoo kuchukua jembe ambalo sikulihitaji. Bati linavuja pembeni. Magunia yamepangwa sakafuni, na la njugu chini yake pameloa.

Ngendo hachezi. Anakaa pale unapomweka.

17 Mei

Mvua ya mawe. Karani wa shamba akatutoa mapema, nikapitia njia ya nyuma ya zizi.

Mama alikuwa jikoni, Ngendo mgongoni kwake. Kwenye kigoda alikuwa Ngatia, mzee jirani anayetukatia majani ya nepia ya ng'ombe, na kikombe mkononi. Mama alikuwa na paketi ya kliniki. Aliikata kwa meno, akaikamua yote ndani ya sufuria kubwa, akakoroga.

Nilisimama na kikapu mgongoni.

"Mama Ngendo, umerudi wakati mzuri," Ngatia akasema. "Uji wa nyumba hii siku hizi una nguvu. Magoti yangu yameacha kulia."

"Yameacha lini, mzee?"

"Tangu karibu na Pasaka."

"Basi magoti yako yamepona na dawa ya mtoto wangu."

Akaangalia kikombe. Akakiweka chini taratibu kama kitu kitakachopasuka, akasema alikuwa anatoka tu, akatoka akisahau kofia.

"Unafukuza wageni wangu?" Mama akasema.

"Mama, hiyo paketi ni ya Ngendo peke yake."

"Na Ngendo atakunywa nini? Si ni huu? Niliionja hiyo kitu. Ni njugu na maziwa na sukari. Nikasema kumbe hata hao wamejua siri. Nikaongeza kwa yangu. Sasa ni vitu kumi na tatu."

Alisema kwa furaha. Hapo ndipo nilipoishiwa. Hakuwa anaficha, alikuwa ananipa zawadi aliyoihifadhi wiki zote hizi. Ningemkuta anaiba ningejua la kusema.

"Ngendo anapata kikombe kimoja," nikasema. "Sufuria ni ya kila anayepita. Kwa hivyo dawa yake anaigawana na kijiji."

"Kwa hivyo nimekula chakula ya mtoto."

"Sijasema hivyo."

"Umesema." Akamfungua Ngendo mgongoni, akanipa, bila kumtupa na bila kumpapasa. "Shika mtoto wako."

Ni mara ya kwanza Mama kumwita mtoto wangu. Siku zote ni "huyu Ngendo mwenzangu".

18 Mei

Nimempigia Mwai. Akasikiliza yote, akasema, "Shiro, tafadhali, usimwaibishe mama yangu. Hiyo siku ya tarehe sita ni kitu kikubwa kwake."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakuwa sawa. Sisi sote tulikunywa huo uji."

"Mlikunywa wa vitu vitano, uliokauka."

Akasema kuna mteja. Labda alikuwepo.

20 Mei

Nimeamua. Paketi nabeba mimi kwenye mkoba, nampa moja asubuhi kabla ya kutoka, na zilizobaki nikirudi. Na leo nilichota unga kwenye mfuko nikauweka mezani, mbele ya Mama.

"Naupeleka kwa nesi auangalie. Sitaki usikie kwa mtu mwingine."

"Peleka," akasema. "Peleka na sufuria. Peleka na mimi wanipime."

Nesi Monicah alinusa, akaumimina kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha. Akasema kwa macho huwezi kujua kila kitu, lakini harufu ile ni ya ukungu, na ukungu wa njugu na mahindi haufi ukipikwa. Akasema huo unga mtoto asiuguse tena. Nikamuuliza, na tarehe sita? Akasema atawaandikia shirika, na ofisi yake, na ofisi ya ofisi yake. Alikuwa amechoka usoni kama mimi.

"Na wewe unaishi naye," akaniambia. "Mimi nikisema nitakuwa serikali. Wewe ni nyumba."

Utepe leo umefika nyekundu. Bado anakula, kwa hivyo nesi ameniongezea paketi, akikataa kula nikimbie Nyeri.

21 Mei

Nkirote tunayechuma naye, yule aliyeolewa huku kutoka Meru, alinisimulia kwa furaha kwamba ameshaandikishwa unga wa tarehe sita kwa kijana wake mdogo. Nikamwambia asubiri. "Nisubiri nini? Unga wa Cucu wenu? Ama mnataka kuumaliza peke yenu?" Watu wakacheka. Nilicheka pia, na sijui kwa nini.

23 Mei

Naandika hii kutoka hospitali, Nyeri.

Nilikuwa nimesema leo siendi chai, nikabaki. Asubuhi Ngendo alikataa titi. Hajawahi kulikataa. Nikamkamulia paketi, ikabaki mdomoni, hakuimeza, ikatiririka. Nikamwita jina. Macho yalikuwa wazi, lakini ni kama ananiangalia kupitia dirisha la nyumba nyingine. Miguu ilikuwa imevimba, na nilipobonyeza kwa kidole shimo likabaki.

Nilipiga kelele moja tu, "Mama." Akaja mbio na mikono ya unga.

Barabara ya kwetu ilikuwa tope mpaka goti, pikipiki hazipandi. Mama akatoka mvuani bila kitambaa, akakimbia hadi pale pikapu ya ushirika inapochukulia maziwa, akasimama mbele yake. Dereva akasema akichelewesha maziwa yataganda. Nilimsikia Mama kutoka juu. Alisema, "Basi yagande. Weka mtoto." Mzee wa zaidi ya miaka sitini, amesimama mbele ya gari kama lango.

Nilipanda mbele na Ngendo kifuani. Hapakuwa na nafasi ya tatu. Mama alibaki barabarani. Nilimwona kwenye kioo mpaka kona, hakusogea.

Wamemwekea mrija wa pua. Damu yake imepungua, sukari imeshuka, mwili baridi. Daktari wa zamu ni msichana mdogo kuliko mimi. Akasema, "Tutamlisha kidogo kidogo. Tukimjaza atatuacha." Maziwa maalum, kiasi cha kifuniko cha soda, halafu kungoja, halafu kifuniko kingine. Sijawahi kuona njaa inayotakiwa kutibiwa kwa kuachwa na njaa.

24 Mei

Yupo.

25 Mei

Yupo. Amelia kidogo. Mama wa kitanda cha pili akaniambia, "Wacha alie, dada. Wa kunyamaza ndio wa kuogopa."

26 Mei

Mwai amekuja kutoka Sagana na nguo za kazi. Akamwangalia mtoto na mrija. Akasema "mami", akamshika mguu.

Nilimwambia, "Kama bado unataka kuniambia nisimwaibishe mama yako, niambie sasa, ukimwangalia huyu."

Alikwenda kuninunulia chapati na maharagwe, akakaa akihakikisha nimemaliza, kama askari.

28 Mei

Mama amekuja. Alivaa koti la kanisa, na mkononi thamosi. Wodi nzima iliona thamosi.

Nilikuwa nimesema maneno haya mara nyingi sana kichwani, lakini kichwani Mama hakuwa amevaa koti la kanisa.

"Mama, huo uji mtoto hanywi."

"Siwezi kuja kuona mgonjwa mikono mitupu."

"Mikono mitupu ndiyo tunataka. Kaa. Mshike."

Akina mama wengine walijifanya wanakunja nguo. Akakaa. Nikamwekea Ngendo mapajani na mrija wake. Akapitisha mkono mgongoni kwake, kwenye mbavu, moja, nyingine, akaacha. Mgongoni amembeba kila siku, lakini na blanketi na sweta, na mtoto anayekonda polepole mgongo unazoea.

Baadaye, nadhani kwa kukosa la kufanya, akafungua thamosi akajimiminia. Nyumbani huutia sukari vijiko vingi. Hapa hakuna sukari. Alimeza, akakaa na kikombe.

"Imekuwa chungu hivi tangu lini?"

"Nilikuambia. Ukasema ni wimbi."

Akafunga thamosi, akakaza sana.

Nilimwambia yote, kwa sauti ya chini, alivyosema nesi: njugu, mahindi, maharagwe mabichi, paketi. Na nikamwambia la mwisho. "Tarehe sita watoto wengine watapewa. Mama, mimi sitakusema nyuma ya mgongo wako. Lakini kama hutasema wewe, nitasimama niseme mimi. Afadhali usikie leo."

"Unanitisha?"

"Nakuambia mapema."

Aliondoka bila kuniaga. Ngendo alimpungia kidole kimoja, mkono hakuweza kuuinua wote.

31 Mei

Wametoa mrija. Amekunywa kwa kikombe. Akakishika kikombe wakati nakitoa.

4 Juni

Tumeruhusiwa, turudi zahanati kila wiki. Nyumbani Mama alikuwa amewasha moto chumbani kwetu na kubadilisha shuka. Akanisalimia. Hakusema zaidi ya salamu. Mlango wa stoo umefungwa kwa kufuli ambayo siijui.

5 Juni

Griffins alipiga simu kwa Mama mara nyingi. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Gunia ziko. Ndiyo, sufuria niko nayo."

Gunia ziko. Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Nesi Monicah ameniambia barua zake hazijajibiwa. Nimeandika nitakayosema kwenye karatasi, nikaichoma, maana ilikuwa na maneno ya hasira.

6 Juni

Mahema mawili pale Giakanja, moja limeletwa na kaunti na moja na shirika, yamegusana. Akina mama tele, watoto tele, Warigia anakimbia na utepe. Nkirote alikuwa mbele na kijana wake amevaa kofia ya sufu. Mwai alikuwepo, nyuma. Mama alifika na pikapu ya ushirika na magunia juu. Nikamfunga Ngendo vizuri mgongoni, nikasogea karibu na sufuria, ili ikibidi nisiwe mbali.

Griffins akazungumza. Akamkaribisha Cucu Gladwell, shujaa wa lishe ya nyumbani. Makofi. Maji yalikuwa yanachemka.

Mama hakuchota unga. Alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono mpaka chini, akaleta juu njugu zilizoota nywele za kijani. Akaziweka kwenye ungo, akampa mama wa mbele, akamwambia, "Nusa, mpitishie mwenzako."

Ungo ukaanza kutembea.

"Huu unga umelowa," Mama akasema. "Mimi mwenyewe nimefungua gunia zote. Sitaupika. Na wewe uliyenunua kwangu tangu mvua ianze, usimpe mtoto. Usimpe kuku. Mwaga kwa choo."

Griffins akamsogelea. "Cucu, lakini wageni wameshafika."

"Wageni wanywe chai, Griffins. Si maji yamechemka?"

Mtu akacheka. Mzee mmoja wa ofisini akaangalia saa yake. Nesi Monicah hakuangalia mtu, aliangalia chini, mkono mdomoni.

Nilingoja Mama aseme ile nyingine, ya paketi. Hakusema. Alikuwa ameanza kufunga gunia, na nilijua huko ndiko mwisho wa nguvu zake. Nikasimama. Mwai akaniangalia. Mama akaniangalia pia, gunia mkononi, akingoja nimwangushe.

"Na paketi za kliniki," nikasema, "ziende kwa mdomo wa mtoto mgonjwa moja kwa moja. Zisitiwe kwa sufuria. Mtoto wangu alikosa dawa hivyo, na mimi mama yake nilikuwa naona paketi tupu nikifikiri ameshiba."

Sikumtaja mtu. Mama akarudi kwa gunia lake.

Nilidhani watanishangaa. Badala yake akina mama wengi waliangalia viatu vyao. Mwishowe ni Nkirote aliyeinua mkono, bila mzaha siku hiyo. "Hata kidogo kwa yule mkubwa? Anamwona mdogo akila, analia. Nawezaje kumnyima?"

Nesi Monicah akaja mbele, akaomba benchi, akakaa kati yetu. Hotuba hazikurudi tena. Walizungumza juu ya huyo mtoto mkubwa wa Nkirote mpaka chai ikaisha.

7 Juni

Mama amelala siku nzima. Wateja wawili wamekuja kudai, mmoja na maneno makali. Mwai aliwajibu yeye. Amechukua ruhusa kazini atengeneze bati la stoo na kuinua sakafu kwa mbao.

11 Juni

Utepe: njano. Warigia alirudia, ikabaki njano. Si kijani. Lakini niliuomba utepe niuangalie mwenyewe.

Wangu pia umepimwa. Nesi Monicah anataka nile mchana huko huko shambani, amenikaripia mbele ya watu. Amesema shirika na kaunti watakaa upya kuhusu unga, safari hii ukaguzi kwanza. Sijui. Wanakaa sana hao.

15 Juni

Mvua imekatika. Ukungu umeshuka kutoka msituni, baridi imeanza. Karani ametuma neno: anayetaka kazi aje kesho, asiyekuja nafasi ichukuliwe. Mwai amerudi Sagana. Hakuna mwingine wa kubaki na mtoto.

Nimemwangalia Mama akikata sukuma wiki. Sijamwomba, naye anajua.

16 Juni

Nimempa Ngendo paketi alfajiri, nikaacha zingine mezani. Si kwenye mkoba. Mezani. Nilifika langoni nikarudi, nikasema nimesahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani. Mama akaiona.

Nimechuma vibaya. Karani amerudisha majani yangu mara mbili, ati nimevunja makubwa. Nkirote alinimegea kiazi chake, akanisimamia mpaka nikala.

Nilirudi nikitembea haraka, halafu polepole. Ngendo alikuwa amelala kwenye mkeka jikoni, mdomo una rangi ya kijani ya mboga pembeni. Anapumua vizuri. Nikaweka kikapu. Nikanawa mikono. Nikapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Hutauliza?" Mama akasema, mgongo kwangu.

"Sitauliza, Mama."

"Uliza."

Nikavipanga vikombe tena.

"Shiro, uliza. Na kesho uulize, na kesho kutwa uulize. Nilikuwa sipendi kuulizwa, ona tulipofika."

"Amekula nini leo, Mama?"

Akageuka, akajipangusa mikono. Paketi mbili, akasema, yeye peke yake, na alizilamba mpaka kona. Halafu kiazi na terere, vimepondwa. Yai nusu, nusu ingine ameikataa, ikaliwa na paka. Uji wa wimbi, wimbi tu, kikombe kidogo. Titi linakungoja wewe.

"Na wewe, umekula nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nusu kiazi, cha Nkirote.

Akasukuma kigoda kwa mguu hadi karibu na moto. "Kaa hapo," akasema, na akaanza kunipakulia.